Taasubi Huanza kwa Kuua Elimu

Katika karne ya tatu ya Hijra, huko Khurasani, alikuwapo msimulizi wa hadithi kutoka Herat aliyeitwa Ma'mun bin Ahmad. Siku moja aliambiwa: humwoni Shafii na wafuasi wake walivyoenea huku kwetu? Hakujibu kwa hoja ya fiqhi. Papo hapo alitaja mlolongo wa wapokezi mpaka kwa Anas bin Malik, na kutoka kwa Anas mpaka kwa Mtume (S.A.W.), kwamba katika umma huu atatokea mtu aitwaye Muhammad bin Idrisa, nalo ndilo jina la Imamu Shafii, ambaye madhara yake kwa umma yatazidi ya Iblisi, na atatokea mwingine aitwaye Abu Hanifa, naye atakuwa taa ya umma.

Kisa hiki tunacho kwa sababu mabingwa wa hadithi, akiwemo al-Hakim wa Nishapur, walikiandika kiwe ushahidi wa jinsi uongo unavyotungwa. Lakini mtazame mtunzi mwenyewe. Hakuwa mtu wa sokoni asiyejua kusoma. Alijua isnadi hupangwaje, alijua Anas alikuwa nani kwa Mtume, na alijua lile onyo ambalo kila aliyekaa darasa la hadithi hata siku moja amelisikia: anayemzulia Mtume kwa makusudi makazi yake ni Motoni. Alilijua hilo, akazua. Wala hakuwa peke yake. Muhammad bin Ukasha wa Kirman aliambiwa kwamba wako watu wanaoinua mikono wanapokwenda rukuu. Naye akatoa hadithi hapo hapo, tena kwa isnadi, kwamba mwenye kuinua mikono hana sala. Mtu anamzulia Mtume wake ili apate ushindi katika suala la mikono.

Tunapoizungumzia taasubi ya madhehebu na makundi tumezoea kulia juu ya umoja. Tunasema imetugawa, imetufanya tusali misikiti mbalimbali, tufunge na tufungue siku mbalimbali, tupitane barabarani bila salamu. Malalamiko hayo ni ya haki, ila yanaanzia mwishoni mwa habari. Kabla taasubi haijawatenga watu msikitini, imekwisha kuiharibu elimu ndani ya kichwa cha mwanachuoni. Mgawanyiko tunaouona nje ni matokeo; kilichokufa kwanza ni uwezo wa kujua. Ndiyo maana wito wa umoja, hata ukitolewa kwa machozi, haututibu. Unaweza kuwakusanya watu chini ya paa moja, wakakaa bega kwa bega, na kila mmoja bado akawa hawezi kusikia neno lolote linalotoka upande wa pili.

Basi taasubi ni nini hasa? Kuwa na madhehebu si taasubi. Kumpenda imamu wako si taasubi, na mtu asiyewapenda waliomfikishia dini ana upungufu wake mwingine. Hata kuamini kwamba upande wako umepatia na wa mwenzako umekosea si taasubi. Asiye na imani hiyo angekuwa hana rai kabisa. Taasubi ni kugeuza utaratibu wa kazi ya elimu. Kazi hiyo huanza na dalili ikaishia kwenye hukumu. Mwenye taasubi huanza na hukumu, kisha huita dalili zije kuitumikia. Zile zinazokubali hupewa jina la sahihi, na zile zinazogoma hutafutiwa ila. Kipimo chake ni rahisi ingawa kinauma. Chukua dalili uliyoiita dhaifu jana alipoitaja mpinzani wako, idhanie imetoka kinywani mwa sheikh wako, halafu jiulize kama ungeendelea kuiita dhaifu. Ukiona ulimi unasita, ugonjwa umo.

Ibn Khaldun, alipoandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikaa kujiuliza kwa nini vitabu vya tarehe vimejaa uongo. Alitaja sababu nyingi, na ya kwanza aliyoiweka ni upendeleo wa rai na madhehebu. Maelezo yake ni ya mtu aliyeichunguza nafsi kwa karibu: nafsi iliyo sawasawa huipa habari haki yake ya kuchunguzwa mpaka ukweli utengane na uongo, nafsi iliyokwisha kulewa rai fulani huipokea habari inayoiafiki mara tu inapoisikia, na upendeleo huo huwa pazia machoni mwake. Jambo lililonishughulisha katika maneno hayo ni kwamba Ibn Khaldun hakusema mwenye taasubi hudanganya. Alisema hudanganyika. Wengi wa wenye taasubi ni watu wakweli kabisa, hawawezi kuzua kama alivyozua yule wa Herat. Lakini wameshaacha kuchunguza, na kuacha kuchunguza ndiko kunakompa mzushi soko.

Ziko kauli za wakubwa zinazoonyesha ugonjwa huu ulivyoweza kuvaa kilemba. Abul Hasan al-Karkhi, mkuu wa Wahanafi wa Baghdad aliyefariki mwaka 952, ameacha kanuni mashuhuri: aya yoyote inayopingana na kauli ya wenzetu wa madhehebu ichukuliwe kuwa imefutwa au ina tafsiri nyingine, na hadithi vivyo hivyo. Insafu inatutaka tumsikilize. Huenda alikusudia kusema kwamba wakubwa wetu hawakuwa wajinga. Wakiacha aya, bila shaka walikuwa na dalili nyingine iliyowafanya waifahamu hivyo. Kwa mwanafunzi mchanga hilo ni fundisho la adabu. Lakini likifanywa kanuni ya elimu, matokeo yake ni kwamba Qurani haiwezi tena kumsahihisha mtu yeyote. Kila inapomgonga, yeye hubaki pale pale na aya ndiyo husogezwa. Abu Hanifa mwenyewe asingeridhika nayo, maana yeye na Malik, na Shafii na Ahmad, wote wamepokewa maneno yenye maana moja: dalili ikisimama, iacheni kauli yangu. Malik alifika mbali zaidi. Khalifa wa Bani Abbas alipotaka kuwalazimisha watu wote waifuate Muwatta, mwenye kitabu ndiye aliyekataa, akasema Masahaba walitawanyika katika miji na kila watu wana elimu iliyowafikia.

Nataka kukaa kidogo katika mji wa Nishapur, kwa sababu yaliyotokea pale kati ya watu wawili wakubwa yanaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Imamu Bukhari aliingia Nishapur akiwa amekwisha kuwa bingwa asiye na mfano. Mwenyeji wake kielimu alikuwa Muhammad bin Yahya al-Dhuhli, imamu wa hadithi wa mji ule. Ikazuka fitina ya suala gumu la itikadi: je, matamshi ya mtu anapoisoma Qurani yameumbwa au hayakuumbwa? Bukhari aliliona ni swali la kuepukwa, na alipobanwa alitofautisha kati ya Qurani, ambayo ni maneno ya Mungu, na vitendo vya waja, ambavyo vimeumbwa. Hilo lilitosha. Al-Dhuhli alitangaza kwamba anayeshika kauli ile asihudhurie majlisi yake. Muslim bin al-Hajjaj, mwandishi wa Sahihi ya pili, alikuwa amekaa pale; akajitupia joho juu ya kilemba, akasimama mbele ya watu wote akatoka, kisha akamtwika mchukuzi daftari zote alizoandika kwa al-Dhuhli akamrudishia mlangoni kwake. Barua ikaandikwa kutoka Nishapur kwenda Rayy, na Abu Zur'a na Abu Hatim, mabingwa wawili wa kuwapima wapokezi, wakaacha hadithi za Bukhari. Bukhari aliuacha mji. Alifariki mwaka 870 katika kijiji cha Khartank karibu na Samarkand, akiwa mtu wa kufukuzwafukuzwa.

Sasa fungua Sahihi Bukhari. Mna hadithi zipatazo thelathini alizozipokea kutoka kwa al-Dhuhli, mtu yule yule. Bukhari hamtaji kwa jina lake kamili. Mahali pengine anasema tu kwamba amemsimulia Muhammad, mahali pengine anamnasibisha na babu yake. Hapo ndipo mwanadamu anapoonekana: jeraha lilikuwapo, na jina zima halikutaka kutoka. Lakini hadithi zimeandikwa, kwa sababu al-Dhuhli alikuwa mkweli katika upokezi, na elimu ya Mtume si mali ya Bukhari hata aifiche kwa ajili ya maudhi yake. Humo humo mna riwaya ya Imran bin Hittan, Khariji aliyemsifu kwa mashairi muuaji wa Sayyidna Ali. Pana chuki gani kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa Sunna? Hata hivyo wajuzi walipima: anaamini uongo ni dhambi kubwa ya kumtoa mtu katika dini, basi hatamzulia Mtume. Wakaikataa itikadi yake, wakachukua ukweli wake. Naamini hapo Uislamu wa kielimu ulifika kilele chake. Aya ya nane ya Sura Al-Maida inawakataza waumini kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na wapokezi hawa waliihamisha amri hiyo kutoka mahakamani wakaiingiza katika kalamu.

Wenye fani hiyo waliijua hatari ya midomo yao wenyewe. Ibn Abdil-Barr wa Andalusia aliweka mlango mzima katika kitabu chake cha fadhila za elimu kuhusu maneno ya wanazuoni wao kwa wao, na rai yake ni kwamba aliyethibiti uaminifu na uimamu wake hapigwi na neno la mwenzake la ghadhabu au husuda mpaka lije na ushahidi. Malik alimwita Ibn Is'haq, mwandishi wa Sira, mmoja wa madajali. Umma haukumtupa Malik, wala haukuitupa Sira ya Ibn Is'haq. Ulijua kutenga.

Nimeshasikia pingamizi mbili za kweli juu ya msimamo huu, na haifai kuzipita. Ya kwanza inasema: mtu wa kawaida hana uwezo wa kupima dalili, lazima amfuate mtu, na ukimnyang'anya madhehebu yake kwa jina la kupiga vita taasubi utamwacha uchi, kila mwenye sauti kubwa amburute. Hili ni kweli tupu. Mvuvi wa Pemba aliyejifunza sala kwa baba yake kwa mujibu wa Shafii hana deni la kusoma kitabu cha usuli kabla ya kusema Allahu Akbar. Kufuata ni haja yake, tena ni ibada. Taasubi huanza pale anapoambiwa kwamba asiyefuata kama yeye hana sala. Mvuvi hakuyaleta hayo maneno. Ameyapata kwa mwenye elimu. Ndiyo maana nasema maradhi haya ni ya wanazuoni kwanza, na jahili anaambukizwa tu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wapo wasemao: mkishazoea kupima kila kitu pande mbili, nani atasimama na haki siku ya mtihani? Wanamtaja Imamu Ahmad. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliwaamrisha makadhi na wanazuoni wakiri kwamba Qurani imeumbwa. Wengi walikiri. Ahmad alikataa, akafungwa, akapigwa mijeledi zama za al-Mu'tasim, na hakubadilika. Je, huyo naye alikuwa na taasubi? Mtazame alivyosimama. Kila walipomtaka akiri, aliomba jambo moja: nileteeni kitu katika Kitabu cha Mungu au katika Sunna ya Mtume wake. Alitaka hoja chini ya mjeledi. Msimamo wake ulimgharimu mwili wake mwenyewe, haukumgharimu mtu mwingine, na baadaye alimsamehe al-Mu'tasim. Wenye taasubi pale walikuwa watu wa upande wa pili, Mu'tazila waliojulikana kwa kutegemea akili, ambao walipopata dola waliiacha akili nyumbani wakaja na askari. Na wafuasi wa Ahmad, walipokuja kupata nguvu mitaani Baghdad, waliipiga mawe nyumba ya Ibn Jarir al-Tabari, mfasiri mkubwa kuliko wote, kwa kuwa aliandika kitabu cha hitilafu za mafakihi bila kumhesabu Ahmad miongoni mwao. Kwake Ahmad alikuwa mtu wa hadithi. Aliyepigwa kwa ajili ya rai yake alipata wafuasi wanaopiga kwa ajili ya rai. Tofauti ya uthabiti na taasubi, kwa hiyo, haionekani katika ukali wa sauti. Tazama nani analipa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanaoandika juu ya taasubi hulikwepa kwa haya, nalo ni riziki. Nizamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, ilikuwa wakfu wa Mashafii. Al-Wajih Ibn al-Dahhan, mjuzi wa sarufi, alianza akiwa Mhanbali akawa Mhanafi. Kisha kiti cha sarufi cha Nizamiyya kikawa wazi, na sharti la wakfu lilitaka mwalimu wake awe Mshafii. Akawa Mshafii. Watu walimtungia mashairi ya kumkejeli, lakini mimi siwezi kumcheka. Natazama lile sharti. Nahau ya Kiarabu haina madhehebu, na bado mkate wa mwenye kuifundisha uliwekewa mlango wa madhehebu. Mshahara ukishafungamana na kundi, kurudi katika haki kunakuwa ni kupoteza chakula cha watoto, na si kila mtu ana moyo wa Ahmad.

Matokeo ya nje yalikuja, na sitayarefusha kwa kuwa yanajulikana. Ibn Jubayr alifika Makka mwaka 1183 akakuta kila madhehebu ina imamu wake na mahali pake mbele ya Al-Kaaba. Sala nyingine walipokezana. Magharibi, kwa ufinyu wa wakati wake, walisali kwa pamoja, na takbira zikaingiliana kutoka kila upande, maamuma akarukuu kwa imamu asiye wake au akatoa salamu kabla ya wakati. Mbele ya nyumba ile ile wanayoielekea wote! Hali hiyo iliendelea mpaka Makka ilipoingia mikononi mwa Abdulaziz bin Saud mwaka 1924 na sala ikarudishwa chini ya imamu mmoja. Yaqut al-Hamawi alipita Rayy mwaka 1220 akiwakimbia Wamongoli, akakuta sehemu kubwa ya mji ni magofu. Akaelezwa kwamba Sunni walipigana na Shia wakawamaliza, kisha Wahanafi na Mashafii wakageukiana. Na wako Wahanafi waliojadili kwa uzito wote kama mwanamume wa kwao anaruhusiwa kumwoa binti wa Kishafii, kwa kuwa Mashafii husema "mimi ni muumini inshallah", na kwao hiyo ni shaka katika imani. Mmoja akafungua mlango kwa hoja kwamba achukuliwe kama mwanamke wa Ahlul Kitabu. Jambo hilo lilipita katika vitabu vya watu waliokesha wakisoma.

Pwani yetu haikusalimika. Zanzibar ya Mabusaidi ilikuwa na watawala Maibadhi na raia wengi Mashafii, na kwa muda mrefu makadhi wa pande mbili walihukumu katika mji mmoja, watu wakaoana na kuzikana. Sayyid Ahmad bin Sumayt, Mshafii wa masharifu wa Hadhramaut, alikuwa kadhi chini ya masultani wa Kiibadhi. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alileta mtambo wa kuchapa, na vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi, mathalani Kamusi Sharia, vikachapwa Unguja. Kwa hilo elimu inamdai shukrani. Lakini Barghash huyo huyo alimtia jela Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akiisomesha na kuitetea itikadi ya Kisunni dhidi ya Ibadhi, na sheikh hakutoka mpaka sultani alipofariki. Mkono uliochapa kitabu ndio uliofunga mdomo. Mtoto wa sheikh huyo, Sheikh Al-Amin bin Ali, alikuja kuandika magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islahi mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, na alihimiza watu wapime mambo yao ya dini kwa dalili. Leo jina lake ni bendera ya kundi, na wengi wanaoipeperusha hawajasoma hata kurasa mbili zake.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qurani ilitoka mwaka 1969, amepatwa na makubwa zaidi. Alisomeshwa na masheikh wa Kishafii na masharifu wa Unguja, akawaandikia wasifu wao kwa mapenzi, kitabu ambacho bila yeye tungepoteza majina mengi ya walimu wa pwani hii. Miaka ya 1970 aliandika dhidi ya mambo aliyoyaona ni bidaa, na baadhi yake yalikuwa ni mazoea ya walimu wale wale. Mtu mmoja, maisha mamoja ya kutafuta haki. Wasomaji wake wamempasua: hawa wanasoma Farsy wa wasifu na kumsikitikia wa mwisho, wale wanasoma Farsy wa bidaa na kumsamehe wa mwanzo. Swali ambalo mwanafunzi angelifaidi, yaani ni dalili zipi zilimsogeza sheikh kutoka hapa hadi pale na je zinatosha, halina anayeliuliza.

Siku hizi sheikh mgeni akitangazwa kwamba atasomesha baada ya magharibi, barazani hawaulizi atasomesha kitabu gani. Wanauliza: kasoma wapi? Madina, Azhar, Tarim, Khartoum, Qum, Maskati. Jibu likipatikana, darsa imekwisha kuhukumiwa kabla ya bismillahi. Nimekaa katika darsa moja, msikiti siutaji, mwezi wa Shaabani, kijana akauliza kwa adabu: "Sheikh wangu, samahani, hawa wanaosali tarawehe rakaa nane wana dalili gani?" Jibu lilikuwa: "Mwanangu, wale waache, nyoyo zao zina maradhi." Kijana akafunga daftari lake. Lakini jibu la kweli lilihitaji dakika kumi. Ipo hadithi ya Bibi Aisha kwamba Mtume hakuwa akizidisha rakaa kumi na moja, Ramadhani wala mwezi mwingine. Lipo tendo la zama za Sayyidna Umar, alipowakusanya watu nyuma ya Ubayy bin Kaab, na Muwatta ya Imamu Malik imeweka riwaya mbili za zama hizo karibu karibu: moja inataja rakaa kumi na moja, nyingine ishirini na tatu. Malik hakuona haya kuziandika zote mbili. Na katika msikiti wa upande wa pili, nina hakika, kijana mwingine aliuliza juu ya rakaa ishirini akajibiwa kwamba ni watu wa bidaa, naye Muwatta hakuonyeshwa. Vijana wawili wamerudi nyumbani kila mmoja na tusi, na hakuna aliyerudi na elimu.

Simu zimeongeza mwendo wa jambo hili. Darsa ya saa nzima inakatwa sekunde arobaini, sentensi inaanza katikati, inaingia WhatsApp ikiwa na kichwa cha habari cha matusi. Anayeisambaza hajui kwamba amefanya kazi ya Ma'mun wa Herat kwa njia ya mkato: amemtia mtu kauli ambayo hakuisema.

Tena, kupiga vita taasubi kwenyewe kunaweza kuwa taasubi. Taj al-Din al-Subki alimshutumu mwalimu wake al-Dhahabi kwamba alipoandika tarehe aliwaonea Maashaari. Karne iliyofuata al-Sakhawi akamrudishia al-Subki shutuma hiyo hiyo. Miongoni mwetu wapo waliotangaza kwamba wameacha madhehebu na kushika dalili peke yake, na baada ya miaka michache wakawa na maimamu wao, vitabu vyao, msikiti wao na orodha ya watu wasiosikilizwa. Wapo pia wanaolihubiri neno "umoja" kwa maana ya kila mtu aje kwetu. Kwa hiyo sitaki ahadi kutoka kwa kundi lolote. Nataka jambo moja lifanywe darasani.

Al-Ghazali, kabla ya kuwarudi wanafalsafa, aliandika kitabu kamili cha kueleza wanachokisema, akakieleza vizuri kiasi kwamba Walatini waliokisoma baadaye walimdhania ni mmoja wao. Ibn Rushd, kadhi wa Kimaliki aliyefariki mwaka 1198, aliandika Bidayat al-Mujtahid, na katika kila mas'ala anaeleza nani kasema nini na kitu gani hasa kiliwafanya watofautiane: neno lenye maana mbili, hadithi iliyomfikia huyu isimfikie yule, kiyasi, yaani ulinganishi, ambacho mmoja anakikubali na mwingine hakikubali. Mwanafunzi akikisoma kitabu hicho anatoka akijua kwamba wale aliofundishwa kuwadharau walikuwa na sababu.

Ombi langu ni kwa masheikh na walimu wa vyuo, kutoka Lamu mpaka Kigoma, wa kila upande. Mwanafunzi wa fiqhi asipewe ijaza mpaka asimame mbele ya wenzake aeleze hoja ya wanaomkhalifu, kwa dalili zao na kwa heshima yao, naye awepo mtu wa upande huo wa kumsikiliza: Muibadhi akisikiliza Mshafii anavyoeleza kuachia mikono, mtu wa Answari Sunna akisikiliza mtu wa maulidi anavyoieleza bidaa, na wa maulidi vivyo hivyo. Msikilizaji akisema "naam, ndivyo tusemavyo", mwanafunzi amefaulu, hata kama baadaye ataikataa hoja hiyo kwa nguvu zake zote. Akisema "sivyo", arudi akasome.